Nyundo ya Mpira na Unyoya wa Kuku

Juma lililopita nilirudisha ufunguo wa kabati la dawa, nikavua aproni niliyoanza kuivaa wakati kuta za boma la Arusha zilikuwa bado zinanuka chokaa mbichi, nikarudi nyumbani Akheri kwa miguu. Njiani watu watatu walinisimamisha kuniuliza dawa ya kikohozi. Niliwajibu wote watatu, maana mtu aweza kustaafu kazi, lakini majirani hawastaafiwi.

Nawaandikia ninyi mliobaki pale zahanati, ambao mlilalamika kwamba naondoka na mambo mengi kichwani bila kuyaacha popote. Sitaandika nilipandishwa cheo lini wala nililipwa nini. Wanaopenda habari za namna hiyo wawaendee makarani, ambao huzisimulia kwa ufasaha kunishinda. Nitaandika juu ya jambo moja tu: namna mwili unavyojibu kabla mwenyewe hajaamua ajibu nini, na namna jibu hilo linavyomwonyesha mganga mahali palipoharibika ndani, iwe ni kwenye mishipa ya fahamu, kwenye ubongo, au kwenye kiungo kilichofichwa na ngozi ya tumbo. Na kwa kuwa mwalimu asiyekiri kosa lake hastahili kusikilizwa, nitaandika pia habari za kosa langu, ambalo lilibakiza saa chache tu limwondoe mtu mwenye afya yake kati ya watu wake, asirudi tena.

Siku yangu ya kwanza nilipewa ndoo, brashi na chupa arobaini za kuosha. Aliyenipa ni Feruzi, msaidizi wa mganga, mtu wa Pangani, mwembamba, aliyevaa kanzu nyeupe katikati ya matope ya masika na asichafuke, jambo ambalo sijapata kulielewa hadi leo. Alinitazama nilivyosimama mlangoni.

"Unajua kusoma?" aliniuliza.

"Najua, bwana. Nimefundishwa misheni."

"Unajua kunyamaza?"

"Nadhani najua."

"Basi hilo la pili ndilo kazi yenyewe. Kusoma kutakusaidia siku za mvua."

Nilimdhania mtu wa mzaha. Baadaye nilitambua kwamba alikuwa amenipa somo la kwanza la uganga. Mgonjwa huja na maneno mengi, na jamaa zake huja na mengi zaidi. Anayetaka kuusikia mwili hana budi kunyamaza kwanza.

Somo la pili alinipa kwa mshumaa. Fundi mmoja wa paa alianguka kutoka juu ya jengo la boma, akaletwa akipumua lakini hasemi. Feruzi alimfunua kope, akasogeza mshumaa, akaniita nitazame. Mboni ya jicho la kulia ilinywea mara ilipopata mwanga, kama inavyopaswa. Ya kushoto ilibaki wazi, kama mlango wa nyumba iliyohamwa. "Hii ya kushoto haikukataa kwa ubishi," alisema Feruzi kwa sauti ya chini. "Damu inamwagika ndani ya fuvu na kuukandamiza ubongo, na mshipa unaoiamrisha mboni umeminywa." Daktari alikuja akatazama, akasema vivyo hivyo kwa Kijerumani. Fundi yule alifariki kabla jua halijashuka, nasi hatukuwa na la kumfanyia. Lakini tuliwaambia ndugu zake ukweli mapema, wakapata kumshika mkono. Msidharau hilo.

Haikupita wiki mbili akaletwa mtu mwingine, huyu akitoka kwetu Meru, amebebwa juu ya machela ya matawi, mke wake akilia na kaka zake wakibishana mahali pa kuchimba kaburi. Hakusema, hakusogea, hakuitika jina lake. Feruzi akasogeza mshumaa: mboni zote mbili zikanywea kwa pamoja. Akamkwaruza wayo kwa kijiti kuanzia kisiginoni, na vidole vya mguu vikajikunja kwenda chini. Alinieleza kwamba kwa mtu mzima vidole hivyo vikiinuka kwenda juu, hasa kidole gumba, basi njia itokayo kwenye ubongo imeharibika mahali fulani. Kisha aliinama, akanusa, akajiinua.

"Shemeji," alimwambia mke wa mgonjwa, "ubongo wa mumeo ni mzima. Umeloa tu."

Ilikuwa pombe ya ndizi. Aliamka jioni akaomba supu, na kaka zake wakamrudisha nyumbani kwa hasira kubwa kuliko huzuni waliyokuja nayo.

Somo la tumbo nililipata kwa mama mmoja wa Kisongo, aliyeletwa na mumewe kwa shutuma kwamba amegeuka mvivu. Daktari wetu wa kwanza, mzee mwenye mikono mikubwa ya joto, alimlaza, akaweka kiganja chini ya mbavu za kulia, na papo hapo tumbo likakaza kama ubao. Feruzi akamwuliza yule mama habari za mbuzi wake. Yule mama aliwapenda mbuzi wake kuliko alivyompenda mumewe, akaanza kuwataja kwa majina na tabia zao, akacheka alipomfikia mmoja aliyezoea kula kofia za watu. Daktari hakuondoa mkono. "Tazama," aliniambia. "Amesahau kwamba nimemgusa. Anacheka. Lakini mahali hapa bado pamekaza." Ndipo nilipojua tofauti. Tumbo linalokazwa na woga hulegea mtu anapopitiwa na mazungumzo. Tumbo linalokaza kwa kulinda kiungo kilichoumia halilegei, hata mwenyewe akicheka. Palikuwa na jipu kwenye ini. Daktari alilitoa usaha, na yule mama akarudi kwa mbuzi wake, akimtangulia mumewe njiani.

Shikeni neno hilo la kumsahaulisha mtu kwa mazungumzo. Mimi nililifundishwa mapema, nikalisahau siku niliyolihitaji.

Nyundo ilifika katika mwaka wa tatu wa kazi yangu, ndani ya sanduku lenye majani makavu: nyundo ndogo, mpini wa mti mweusi, kichwa cha mpira. Mgonjwa huketi kitandani miguu ikining'inia, nawe unagonga kano iliyo chini ya pia ya goti. Habari huenda kwa mishipa ya fahamu hadi kwenye uti wa mgongo, na amri hurudi, na mguu huruka, yote bila kupita kwa mwenye mguu kuomba ruhusa. Mshipa ukiwa umekufa, goti hunyamaza. Njia ya juu, itokayo kwenye ubongo, ikiwa imeharibika, goti huruka kupita kiasi, kama punda aliyekatikiwa na kamba. Kwa siku nne za kwanza hapakuwa na mtu pale zahanati aliyesalimika. Tuligongana magoti sisi kwa sisi, tukamgonga mpishi, tukamgonga askari wa zamu, ambaye goti lake liliruka kwa nguvu hata buti likaangusha kiti. Feruzi pekee alikataa. Alisema goti lake linaswali mara tano kwa siku na halihitaji mtihani wa ziada.

Kisha Feruzi akarudi kwao Pangani, daktari mzee akarudi Ulaya, na mimi nikabaki mtu wa zamani kuliko wote pale, hali ambayo ni ya hatari kwa roho. Nilikuwa nimesoma kila karatasi iliyowahi kufungia chupa. Nilianza kuibeba nyundo katika mfuko wa aproni hata siku zisizokuwa na kazi nayo.

Daktari aliyekuja baadaye alikuwa kijana, mrefu, mchapakazi, mwenye haki. Nasema mwenye haki kwa kukusudia, kwa sababu nitakayoyasimulia yaweza kuwafanya mfikiri vingine. Aliwahudumia wote kwa uangalifu ule ule. Lakini alikuwa na imani moja ngumu, kwamba kila kinywa kinadanganya na mwili peke yake husema kweli. Wakati wa kupima hakumruhusu mgonjwa wala jamaa zake kutamka neno. Mimi nilimpenda kwa hilo, maana lilifanana na somo la Feruzi. Sikuona kwamba Feruzi alinyamaza ili asikie, ilhali huyu alinyamazisha ili asisumbuliwe.

Siku ya Jumamosi moja walikuja watu wa Oldonyo Sambu kuchanjwa ndui. Kati yao alikuwepo kijana mmoja wa Kiarusha, morani, jina lake Loserian, mwenye nywele ndefu zilizosukwa na kupakwa udongo mwekundu. Alipokunja shuka ili akae, daktari aliona juu ya goti lake la kushoto, upande wa ndani wa paja, baka jeupe lenye ukubwa wa kiganja cha mtoto. Akaniita.

Mnajua baka jeupe humfanya mganga awaze nini kwanza. Ukoma huanzia kwenye ngozi na kwenye mishipa midogo ya fahamu; mahali palipopauka hupoteza hisia, na mtu huweza kuchomwa asijue. Katika miaka ile aliyepatikana na ukoma alipelekwa kwenye kijiji cha wakoma, mwendo wa siku nyingi, na sikuwahi kumwona aliyerudi.

Daktari alinikabidhi sindano na nyundo. Wenzake wawili wa Loserian, nao morani, walisimama dirishani wakitazama. Nilimchoma kwenye baka mara tatu. Hakushtuka, hata ukope haukucheza. Nilimkwaruza wayo: vidole vilitulia. Niligonga goti la kushoto: kimya. Nikagonga tena kwa ustadi wangu wote, na nilikuwa na ustadi mwingi siku hizo: kimya. Daktari aliniuliza ninaonaje, nami nikajibu kwa sauti thabiti, nikaandika kwa mkono wangu katika kitabu cha wagonjwa: *Baka halisikii. Goti halijibu.*

Loserian alisema kwa Kimaa, nami nikatafsiri: "Anasema alisikia sindano zote tatu."

"Wote husema hivyo," alijibu daktari. "Wewe ungesema nini, ukijua unakopelekwa?"

Palikuwa na wagonjwa wengine wawili waliokuwa wakingoja kwenda huko. Safari ilipangwa Jumatatu asubuhi, pamoja na askari mmoja. Loserian aliambiwa atakwenda nao. Alisikiliza habari hiyo kama alivyozipokea sindano, uso wake haukubadilika hata kidogo, nami nikastaajabia jinsi ugonjwa ulivyomfikia hadi usoni. Hivyo ndivyo kiburi kinavyosoma: kila herufi kinaigeuza iseme kinachotaka.

Jumapili, nilipotoka kanisani, nilipita zahanati kutazama vidonda. Nje ya uzio alikuwa ameketi kikongwe mmoja wa Kiarusha, shanga zake zimepauka, fimbo imelala mapajani. Nilimwamkia kwa Kimaa kama tunavyowaamkia mama wazee wa huko, ambao huwaita koko, yaani bibi.

"Takwenya, koko."

"Iko," aliitikia, bila kuniangalia. "Wewe ndiye mwenye kinyundo?"

"Ndimi."

"Mimi ni bibi yake Loserian. Mama yake alikufa kwa ndui. Huyu nimemlea kwa mikono hii. Jana ulimgonga kwa nyundo, ukamchoma kwa sindano, kisha ukaandika. Uliandika nini?"

"Kwamba hakushtuka, koko."

Sasa aliniangalia. Kisha akacheka polepole, mabega yakitikisika, mpaka nikadhani ni kilio.

"Kwa hiyo kwenu mtu asiposhtuka ni mkoma? Ungekuja siku waliyotahiriwa, ungeondoka na vijana wote wa Oldonyo Sambu." Alifuta macho kwa kona ya ngozi aliyojifunga. "Wewe ni wa wapi?"

"Mmeru. Wa Akheri."

"Wameru nao hukata. Siku yako ulishtuka?"

"Sikushtuka, koko."

"Basi kesho na wewe fungasha vyako uende nao."

Nataka mwelewe nilivyojisikia, kwa sababu humo ndimo somo lilimo. Mimi nami niliketi juu ya ngozi asubuhi ya baridi, nikiwa kijana, nikamwagiwa maji ya mtoni, baba zangu wamenizunguka wakitazama kope zangu. Ukope mmoja ungecheza, ukoo wote ungetembea umeinamisha vichwa. Nilifundishwa kwa miaka mwili wangu usinisaliti, na haukunisaliti. Baadaye nilikwenda misheni, nikapata vitabu, nikayaona yale yote kuwa mambo ya gizani, nikayafungia. Na nilipoyafungia nilifungia pia maarifa ambayo hakuna daktari yeyote wa Ulaya aliyekuwa nayo, ambayo mimi peke yangu pale zahanati ningeweza kuyatoa. Msomi anayeona aibu mahali alipotoka hujipunguzia usomi wake mwenyewe.

"Koko," nikamwambia, "daktari hataamini maneno yangu wala yako. Anaamini mwili tu. Na mwili wa mjukuu wako umefundishwa."

"Umefundishwa kisu," alisema. "Hakuna anayewafundisha mtekenyo. Nilipokuwa namwogesha, nikimgusa tu juu ya goti, hapo hapo penye baka, alirusha mateke kama ndama. Hata maziwa yangu aliwahi kumwaga." Akaongeza kwa ukali, kana kwamba mimi ndiye niliyeyamwaga, "Kibuyu kizima."

Nilimkuta daktari barazani kwake, anasoma. Nilisimama mpaka akainua macho, nikamwambia kwamba naomba kumpima yule morani upya.

"Yakobo, nyundo ulishika mwenyewe. Kinywa kilisema hivi, mguu ukasema vile. Mimi namsadiki mguu."

"Bwana Mganga, hatukuupima mguu wa kulia."

"Kwa nini tuupime? Hauna baka."

"Ndiyo sababu, Bwana."

Aliweka kitabu magotini. Alikuwa, kama nilivyosema, mtu wa haki, na mtu wa haki hujulikana kwa muda anaochukua kabla ya kukasirika. Hakukasirika. Alisema, "Kesho, kabla hawajaondoka."

Jumatatu asubuhi askari alikuwa tayari langoni, na wale wagonjwa wawili wameketi juu ya mizigo yao. Loserian aliketi kitandani. Wenzake wawili walirudi dirishani, na Koko akasimama kati yao, akiwafikia mbavuni. Nilichukua nyundo nikagonga goti la kulia, lile lisilo na alama yoyote.

Kimya.

Nikachoma paja la kulia. Kimya. Daktari alikunja uso. "Basi miguu yote miwili imekufa," nilimwambia, "naye siku ya Jumamosi alitembea nayo kutoka Oldonyo Sambu, akipandisha na kushuka. Ukoma huiba mahali mahali, Bwana. Hauzimi nyumba nzima huku mwenyewe anatembea." Kimya chake kilikuwa kimezidi, na hiyo ndiyo dalili niliyopaswa kuiona tangu Jumamosi.

Nilijaribu kwanza njia ya Feruzi. Nilimwuliza Loserian habari za ng'ombe wa baba yake. Alizijibu moja moja, rangi kwa rangi, pembe kwa pembe, na goti likabaki jiwe chini ya nyundo yangu. Tumbo la woga hulegea kwa mbuzi. Huyu hakulegea hata kwa ng'ombe. Nikamfunga macho kwa bandeji, nikaenda uani. Mpishi alikuwa akimnyonyoa kuku wa supu ya wagonjwa. Niliokota unyoya mmoja wa mkia, nikaurudisha ndani nimeuficha kwenye mkono wa shati, maana nilikuwa na haya.

Nilipitisha ncha ya unyoya juu ya baka, taratibu, kwa uzito wa nzi. Mara ya kwanza uso wake haukubadilika, lakini vinyweleo vya paja vilisimama, kimoja kimoja, ndani ya baka kama nje yake, na daktari aliinama akavitazama kwa miwani. Mara ya pili tundu za pua zilitanuka. Mara ya tatu alitoa sauti ambayo morani hatakiwi kuitoa, mguu wa kushoto ukaruka juu, ukapiga beseni la dawa ya kuoshea mikono, na dawa yote ikaishia kwenye buti za daktari.

Daktari hakutazama buti. Aliichukua nyundo mkononi mwangu, akagonga goti la kushoto wakati Loserian bado anacheka na kuhangaika na bandeji. Goti liliruka. Akagonga la kulia. Likaruka. Akagonga tena la kushoto, nadhani kwa furaha tu.

Nje ya dirisha kulikuwa na kelele.

"Loserian," aliita mmoja wa wenzake, "kisu ulikishinda, umeshindwa na kuku?"

Loserian alivua bandeji, akautazama unyoya ule kwa dharau kubwa. "Huyo si kuku hivi hivi," alisema. "Ni kuku wa serikali."

Daktari alifungua kitabu cha wagonjwa, akapiga mstari juu ya maneno yangu, akaandika *choa*, ugonjwa wa ngozi tu, akaniagiza nimpe Loserian dawa ya kiberiti, yaani salfa, ya kupaka asubuhi na jioni. Kisha alifanya jambo ambalo kwa hilo nitamheshimu daima. Hakuandika kosa lile kwa jina langu peke yake; chini ya maandishi alitia sahihi yake mwenyewe.

Halafu akaniomba ule unyoya, akatoka nje kwa wale wagonjwa wawili waliokuwa langoni. Aliwafumba macho, mmoja baada ya mwingine, akaupitisha juu ya mabaka yao. Waliendelea kungoja, nyuso zimeelekea mbele, watulivu, wakitusubiri tuanze, na unyoya ulikuwa umeshapita mara tano. Daktari aliwashika bega. Wakaenda na askari. Nimewaandikia hili ili msije mkadhani kwamba unyoya ni mchezo.

Nilipokuwa nikimwonyesha Loserian namna ya kupaka dawa, nilimwuliza kwa nini hakujilegeza siku ya Jumamosi, ilhali alijua anakopelekwa.

"Nilijua," alisema. "Lakini watu walikuwa dirishani."

Nilikuwa na maneno makali tayari ulimini. Niliyameza. Nani aliyemzidi mwenzake siku ile kwa kuogopa watu wa dirishani, yeye au mimi na maandishi yangu ya wino? Baka lilipona kabla ya mavuno. Koko aliniletea kibuyu cha maziwa, akasema hiki nisimwage.

Tangu hapo ilikuwa kanuni pale kwetu, na sasa ninyi ndio mnaoitunza: pimeni kwanza upande usio na dalili, ondoeni watazamaji dirishani, anzeni na unyoya, sindano ije baadaye, maana ukoma huiba mguso mwepesi kabla ya kuiba maumivu. Na mwulizeni mtu alivyofundishwa kwao kabla hamjasema mwili wake umesema nini. Mwili hausemi uongo, daktari alisema kweli. Lakini nao ulikwenda shule, kila mmoja shule yake.

Mwajiuliza kwa nini nimeondoka nikiwa bado na nguvu. Dawa ile ya kuoshea mikono niliitumbukizia vidole kwa miaka mingi, mara nyingine kali kuliko ilivyopasa, kwa sababu niliamini usafi hauwezi kuzidi. Mwaka huu vidole viwili vya mkono wa kulia vilianza kufa ganzi. Nilificha. Nilimwaga chupa mbili, nikasingizia vizibo. Daktari, ambaye sasa naye ana mvi, aliniketisha kwenye kitanda kile kile.

"Fumba macho, Yakobo. Nitakugusa vidole. Kila ukisikia, sema."

Nikafumba. Nilitulia, nikasikiliza kwa bidii yote niliyokuwa nayo, na baada ya muda nikasema kwa sauti thabiti, "Nasikia, Bwana."

"Bado sijagusa," alisema daktari.

Nilifumbua macho. Unyoya alikuwa ameushikilia mbali, karibu na kifua chake, na midomo yake ilikuwa inapambana na cheko. Nilicheka mimi kwanza. Tulicheka mpaka mpishi akachungulia dirishani, nami sikujali kwamba alichungulia, na hapo nikajua kwamba nimestaafu kweli.

Nyundo nimeiacha kwenye ndoano yake. Unyoya umo katika droo ya pili ya kabati la dawa, ndani ya kitabu cha wagonjwa cha mwaka ule, kwenye ukurasa wenye mstari uliopigwa juu ya mwandiko wangu. Usomeni ukurasa huo kabla ya kuutumia. Na unyoya ukichakaa, utupeni. Kuku wa serikali wapo uani.